Hita ya Ndege Ndogo: Somo Kuhusu Hewa Mbili Zisizofaa Kukutana

Katika kikao kimoja cha chama chetu mwanachama wa kidato cha pili aliinuka akauliza: "Mwalimu, kwani ndege inayotua hapa Kabunde inahitaji hita ya nini, na sisi Homa Bay tunaoga jasho tangu asubuhi?" Watu wakacheka. Mwenzake kutoka upande wa Migori akaongeza kwamba ndege ikipaa hulikaribia jua, kwa hivyo ndani lazima kuwe moto kama tanuri. Wengi walimpigia makofi. Nilinyamaza siku hiyo, lakini jibu langu ndilo hili.

Tuanze na hilo la jua. Jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi. Ukilisogelea kwa kilomita tatu hujafanya kitu. Miale yake hupita hewani bila kuipasha sana, ikaichoma ardhi, kisha ardhi ndiyo huipasha hewa kutoka chini, kama meko yanavyoipasha sufuria. Isitoshe, hewa ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa. Kwa wastani joto hupungua digrii 6.5 kwa kila mita 1,000. Ziwa letu, Nam Lolwe, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ndege ndogo ikitoka Kabunde au Lichota kule Migori kwenda Wilson, Nairobi, huenda ikapita juu ya safu ya Mau, ambayo ina vilele vinavyozidi mita 3,000. Rubani basi atapanda hadi mita 3,500 au zaidi. Piga hesabu mwenyewe: ikiwa alfajiri ziwani kuna digrii 18, kule juu zimebaki kama 3 tu. Hapo ongeza upepo wa kilomita 160 kwa saa unaopenya kwenye nyufa za mlango. Vidole vikifa ganzi, usukani utashikwaje?

Ndege za kiwandani huja na hita yake. Shida ni kwa yule anayejiundia. Miaka ya 2010 magazeti yetu yaliandika habari za Gabriel Nderitu wa Nyeri, aliyejitosa kuunda ndege nyumbani kwa injini ya gari. Kule Marekani watu wa namna hiyo ni maelfu. Wengi huhangaikia mabawa na injini kwanza. Hita huikumbuka baada ya kutetemeka angani mara moja!

Sasa joto litoke wapi? Injini ya petroli hutumia kama robo tu ya nguvu za mafuta kuzungusha rafadha, yaani lile panga la mbele. Zilizobaki hupotea kama joto, na sehemu kubwa huenda na moshi. Kwa hivyo fundi hulivika bomba la ekzosi koti la bati, akiacha nafasi kati ya koti na bomba. Hewa safi huingia upande mmoja wa koti, hupita ikiligusa bomba, hutokea upande wa pili ikiwa moto, kisha hufuata mpira usioungua hadi kwenye ule ukuta wa chuma unaoitenga injini na watu. Ukutani pana kisanduku chenye kilango. Rubani akivuta waya, kilango hufunguka na joto humfikia miguuni. Akikifunga, hewa ile isizibwe bali imwagwe nje, la sivyo bomba litakosa kupozwa na litachakaa upesi. Kisanduku chenyewe kiwe cha chuma. Alumini ni nyepesi, kweli, lakini huyeyuka kwenye digrii 660, na injini ikishika moto rubani ataachwa na tundu mbele ya magoti. Wazee waliopanda Volkswagen ya mgongo wa kobe wanaijua kazi hii: gari lile halikuwa na rejeta, na hita yake ilitumia joto la ekzosi hivihivi.

Koti hilohilo huweza pia kupeleka joto kwenye kabureta. Usishangae. Petroli ikigeuka mvuke hunyonya joto jingi, na hewa yenye unyevu kama hii yetu ya ziwani yaweza kugandisha barafu ndani ya kabureta hata siku ya digrii 20. Injini huzima angani hivihivi, mafuta yakiwa yamejaa tangi.

Lakini hapa ndipo penye kifo. Kati ya hewa unayovuta na moshi wa injini pana ukuta mmoja tu, nao ni ule wa bomba. Bomba hupata moto, hupoa, hutetemeka. Siku moja hupasuka ufa mwembamba kama unywele. Moshi huingia kwenye koti, na kupitia hapo ndani ya chumba, ukiwa na hewa ya kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, husinzia, na mbaya zaidi, akili humdanganya kwamba yuko sawa.

Mashabiki wa kandanda watamkumbuka Emiliano Sala, aliyetoka Nantes kujiunga na Cardiff. Ndege yao ndogo ilianguka baharini tarehe 21 Januari 2019. Vipimo vilionyesha kwamba 58 kwa mia ya himoglobini yake ilikuwa imeshikwa na hewa hiyo, na wachunguzi wa Uingereza wakaamua kwamba huenda rubani naye alikuwa ameathirika. Ndani hamkuwa na king'ora cha kuwaonya.

Si ya ndege tu, jameni. Jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua, madirisha yakafungwa, hutoa hewa hiyohiyo. Vivyo hivyo pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya shimo la dhahabu kule Nyatike. Aliyelewa nayo atolewe nje upesi, apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Asiambiwe alale kidogo apumzike.

Fundi huutafutaje ufa? Kama fundi wa baiskeli anavyotafuta panchari! Huvua koti, husukuma hewa kwenye ekzosi, hupaka maji ya sabuni kwenye bomba, kisha huangalia povu litokapo. Matundu ya ukutani pia huzibwa. Na king'ora hufungwa mbele ya macho ya rubani. Kikilia, hufunga hita, hufungua hewa ya nje na kutafuta pa kutua. Mwenye injini ya maji, kama ya gari, ana bahati: aweza kupitisha maji moto kwenye rejeta ndogo chumbani, moshi usihusike. Uzito utaongezeka, na maji yakivuja injini itaungua, lakini mimi ningeichagua hiyo.

Zoezi: Ziwani kuna digrii 26. Rubani yuko mita 2,500 juu ya ziwa, hita imewashwa, naye anaanza kuumwa kichwa na kupiga miayo. Nje kuna digrii ngapi, naye afanye nini kwanza? Majibu yaletwe kwenye kikao kijacho.