NCHI JIRANI: AIBU SI YA ALIYETENDEWA
Somo kwa vikundi vya mafunzo vya matawi



Mwanamke aliyebakwa, au aliyeahidiwa kazi ya mbali kisha akauzwa, mara nyingi hukuta adhabu ya pili akirudi nyumbani. Bombani wananong'onezana. Shambani hakuna anayetaka kuchuma naye mstari mmoja. Aliyemtenda anapita kifua mbele. Somo hili lauliza: jamii humrudishiaje mtu huyu heshima yake?

1. Bukavu
Mwaka 1999 Daktari Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi huko Bukavu, mashariki ya Kongo. Nia yake ilikuwa kuwahudumia wazazi, lakini vita vilimletea wanawake waliobakwa, na tangu hapo hospitali imewatibu makumi ya maelfu. Panzi ilijifunza kwamba dawa peke yake haitoshi. Kwa hiyo huduma zake ni nne: kutibu mwili, kutuliza moyo, kusaidia katika mashtaka, na kufundisha kazi ya kujitegemea. Mwanamke aliyeponywa kidonda akarudishwa kijijini bila riziki hajapona bado.

2. Iraki
Agosti 2014 kundi lililojiita Dola la Kiislamu lilivamia vijiji vya Wayazidi. Nadia Murad alitekwa akauzwa kama mtumwa. Alitoroka, na mwaka 2015 akatoa ushahidi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2018 yeye na Daktari Mukwege walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Nishani ni heshima, lakini haijazi chungu. Machi 2021 Bunge la Iraki lilipitisha sheria ya Wayazidi walionusurika, ikiwagusa pia wanawake wa jamii nyingine ndogo. Sheria inatamka kwamba yaliyotendeka ni mauaji ya kimbari. Inatoa malipo ya kila mwezi, kiwanja, nafasi ya masomo, na asilimia 2 ya kazi za serikali. Tarehe 3 Agosti ikawekwa kuwa siku ya kumbukumbu. Hata hivyo malipo yalianza mwaka 2023 tu. Sheria isiyosukumwa hulala kabatini.

3. Kwetu kazini
Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini. Uganda iliuridhia mwaka 2023. Mkataba huu unamlinda kibarua na hata anayetafuta kazi. Hauishii mashineni: unafika kwenye nyumba za kambi na njia ya kwendea kazini. Basi mnyapara anayedai mwili wa mtu ndipo ampe siku za kazi hawezi kusema hayo ni mambo ya faragha.

4. Wajibu wa tawi
(a) Aliyebakwa apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI.
(b) Jina lake litunzwe. Nadia Murad alichagua mwenyewe kusema. Tawi halina haki ya kumchagulia mtu. Tulaani kitendo hadharani, siri ya mtu tuifiche.
(c) Kazi yake ilindwe. Anayehamishwa awe mtuhumiwa, si mlalamikaji.
(d) Katika majadiliano na mwajiri tudai kifungu cha likizo yenye malipo kwa ajili ya matibabu na mahakama.

Maswali ya kujadiliana
1. Hapa kwetu, mfanyakazi aliyedhulumiwa amweleze nani bila kuogopa kufukuzwa?
2. Kama mtuhumiwa ni kiongozi wa tawi letu wenyewe, tutafanya nini?
3. Ni maneno gani tunayoyatamka bombani na kantini ambayo yampasa kila mmoja wetu kuyaacha leo?

Swali la pili msiliruke. Chama kinachomficha mkosaji wake hakina uso wa kumkabili mwajiri.

Umoja ni nguvu.