Kaunta nyeupe yenye mishipa: chagua slabu nzima, usichague sampuli

Ingia katika nyumba mpya za Mbezi Beach, Nyali au Kilimani, na jikoni huenda ukakuta kaunta nyeupe iliyochorwa mishipa ya kijivu, pengine na mguso wa dhahabu. Wengi huichagua dukani kwa kutazama kipande kisichozidi kiganja, wakalipa, kisha siku ya kufungwa wakapigwa na butwaa: mshipa mnene uliowavutia umeangukia kwenye tundu la sinki, na mwingine umekatika ghafla konani. Jiwe halina kosa. Hakuna aliyeamua mapema mchoro ule ukatwe wapi, na uamuzi huo ni wa mwenye nyumba kabla ya kuwa wa fundi.

Jua unachonunua

Jiwe tunalozungumzia hapa ni kwatzi ya kaunta, nayo haichimbwi ikiwa slabu, yaani bamba zima. Kiwandani husagwa madini ya kwatzi, ambayo huwa takribani asilimia 90 ya uzito wote, yakachanganywa na resini na rangi. Mchanganyiko huo hushindiliwa kwa mtetemo mahali palipoondolewa hewa, kisha hupashwa moto hadi ugande. Mbinu hiyo ilienezwa na Breton, kampuni ya Italia iliyoanzishwa mwaka 1963, na hadi leo viwanda vingi duniani hufuata njia ileile.

Mchoro wake umeigwa kutoka marumaru ya asili inayochimbwa katika milima ya Apuane, jirani na mji wa Carrara nchini Italia. Ndiyo sababu muuzaji atakutajia majina ya Kiitaliano. Akisema Carrara, tarajia mishipa myembamba ya kijivu hafifu iliyosambaa. Akisema Calacatta, tarajia weupe zaidi na mishipa michache, minene, ya kijivu kilichokolea au dhahabu. Majina hayo yanaeleza mtindo tu. Kila kiwanda huchora kwa namna yake, kwa hiyo usiagize kwa simu kwa kutaja jina peke yake.

Kutokana na utengenezaji huo, kwatzi ina sifa mbili nzuri na udhaifu wa aina mbili. Ni ngumu: katika kipimo cha Mohs, madini ya kwatzi yana ugumu wa 7 wakati marumaru ya asili iko karibu na 3. Pia hainywi maji wala mafuta kirahisi, hivyo haihitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo kila baada ya muda kama marumaru na baadhi ya granaiti. Udhaifu uko kwenye resini, ambayo haipatani na moto mkali wala jua la muda mrefu.

Inama utazame ubavu

Ukifika kwenye yadi ya muuza mawe, usiishie kutazama uso wa slabu. Inama utazame ubavu wake, pale unene wa milimita 20 unapoonekana. Fuata mshipa mmoja kutoka juu mpaka ufike ukingoni. Kuna slabu ambazo mshipa hushuka ubavuni hadi chini, kwa sababu rangi iliingizwa ndani ya mchanganyiko. Kuna nyingine ambazo mshipa huishia ukingoni kabisa na ubavu wote ni mweupe mtupu, kwa sababu mchoro uko juujuu.

Mshipa wa juujuu haumaanishi kwamba slabu ni mbovu, ila bei yake isilingane na ile ya mshipa unaopenya. Tofauti huonekana zaidi mahali pa namna tatu: kwenye ukingo wa mbele ulioviringwa, kwenye tundu la sinki linalofungwa chini ya kaunta, na popote kaunta itakapopata pengo siku za mbele. Ukipenda slabu yenye mchoro wa juu, muulize fundi kuhusu ukingo unaokunjwa: vipande viwili hukatwa kwa pembe ya nyuzi 45 na kuunganishwa, ili mchoro wa juu uendelee upande wa mbele. Kazi hiyo ina gharama yake, lakini huficha ubavu mweupe na kuifanya kaunta ionekane nene.

Weupe si mmoja

Kuna weupe wenye ubluu kwa mbali, weupe wa maziwa na weupe unaoelekea kijivu. Chini ya taa kali za dukani zote zaweza kufanana. Omba kipande uende nacho nyumbani, ukilaze palepale kaunta itakapokuwa, kando ya kigae cha ukutani na mlango wa kabati. Kitazame asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Taa ya manjano huufanya weupe wa maziwa uonekane wa manjano zaidi, na taa ya mwanga mweupe huufanya weupe wa ubluu uonekane baridi. Kama vigae vyako tayari vina maua au mistari, tafuta mishipa hafifu, maana michoro miwili mikubwa itagombana. Kama kuta na kabati zako ni za rangi moja, hapo mishipa minene ina nafasi ya kujionyesha.

Angalia pia urefu wa kaunta. Mchoro wa Calacatta unaweza kuchukua mita nzima kabla mshipa haujapinda. Kwenye kaunta ya mita moja na nusu iliyotobolewa sinki na jiko, kitakachobaki ni vipande vya mistari isiyo na mwanzo wala mwisho. Jiko dogo hupendeza zaidi na mishipa myembamba ya kusambaa. Mishipa minene iache kwa kaunta ya katikati, au kwa upande mrefu usiotobolewa sana.

Panga mchoro kabla ya msumeno

Slabu nyingi zina urefu wa takribani mita 3.2 na upana wa mita 1.6. Tuseme jiko lako lina umbo la herufi L: upande mmoja mita 3, mwingine mita 1.8, na kina cha sentimita 62. Slabu moja itatoa vipande viwili vya urefu wake wote, na utepe wa karibu sentimita 36 utabaki. Kipande cha kwanza kinafunika upande mrefu. Cha pili, ukitoa kona, kinahitajika kwa mita 1.18 tu, kwa hiyo karibu mita 2 zinabaki, na hizo zinatosha kaunta ya sinki la bafuni yenye urefu wa mita 1.2. Ule utepe unatoa vipande vya kupanda ukutani sentimita 10 nyuma ya kaunta zote. Ukienda dukani na hesabu hii mkononi, utajua kama kweli unahitaji slabu ya pili.

Sasa lije suala la mishipa. Chagua slabu yenyewe yadini, ipige picha nzima, kisha mwombe fundi achore juu ya picha hiyo mistari ya mahali atakapokata. Kama anavyofanya fundi cherehani mzuri anapopanga maua ya kitenge yakutane kwenye mshono, fundi wa mawe naye anaweza kusogeza mkato sentimita 10 kulia au kushoto ili mshipa mkuu upite mbele ya macho badala ya kuangukia shimoni. Amua mambo matatu kabla hajakata:

1. Sinki liwekwe wapi. Sogeza tundu lake kwenye eneo jeupe lenye mishipa michache, na mshipa mzuri uuachie sehemu tupu ya kaunta.
2. Kiungo kiwe wapi. Kisipite kwenye sinki, na mishipa isiwe mingi karibu nacho, kwa kuwa kiungo hufichika zaidi palipo weupe mtupu.
3. Kona ikatwe vipi. Kwenye umbo la L, mishipa ya pande mbili hukutana ikielekea njia tofauti. Kiungo kilichonyooka huacha mshipa ukatike ghafla. Kiungo cha mshazari, kutoka kona ya ndani hadi kona ya nje, huufanya ugeuke kwa utaratibu, ila hula jiwe zaidi.

Kama lazima utumie slabu mbili, hakikisha zote zimetoka toleo moja la kiwanda. Namba huandikwa nyuma au ubavuni. Matoleo mawili ya jina lilelile yanaweza kutofautiana weupe, na utofauti huo utauona kila siku pale kwenye kiungo.

Jaribu kwa vitu vya jikoni kwako

Sokoni kuna mawe ya bandia yaliyotengenezwa kwa unga wa marumaru ambayo huuzwa kama kwatzi. Omba kipande cha masalia ufanye majaribio mawili.

La kwanza ni la kisu. Buruta ncha ya kisu juu ya jiwe. Kwenye kwatzi utaona mstari wa kijivu unaong'aa. Huo ni chuma cha kisu kilichobaki juu, nao hufutika. Kwenye jiwe laini kucha yako itahisi mfereji. La pili ni la limau. Dondosha maji ya limau uyaache usiku kucha. Ukikuta doa lililofifia na kupoteza mng'ao, limau limekula chokaa iliyo ndani, na hiyo si kwatzi.

Kando ya limau weka manjano yaliyokorogwa kwenye mafuta, chai ya rangi, na hina au piko kama nyumbani hutumika. Asubuhi osha kwa sabuni ya vyombo. Hapo utajua jiwe hilo litakavyostahimili vitu vya nyumbani kwako, jambo ambalo karatasi ya matangazo haikuambii. Uso wenye mng'ao ni rahisi kusafisha, na ule usiong'aa huonyesha zaidi alama za vidole na mafuta.

Jikoni: adui ni moto

Usitue sufuria iliyotoka motoni juu ya kwatzi. Resini huanza kuharibika kwenye joto la takribani nyuzi 150 za Selsiasi, na sufuria ya mafuta ya kukaangia hupita hapo. Doa la kuungua huwa la manjano au kahawia, na halitoki kwa kusuguliwa. Weka kikalio cha sufuria cha kudumu kando ya jiko. Jiko la mkaa lisipandishwe kabisa juu ya kaunta. Kinu cha kutwangia kitunguu saumu kikalie kitambaa kinene, mbali na ukingo wa sinki, kwa sababu hapo ndipo jiwe lilipo jembamba na dhaifu. Kwa jiko la nje au baraza inayopigwa na jua, chagua granaiti, kwani jua hugeuza kwatzi nyeupe kuwa ya manjano.

Kwa usafi wa kila siku, sabuni ya vyombo na sponji vinatosha. Jik isiachwe ikakaukia juu yake, dawa ya kuzibulia mabomba isidondokee hapo, na stilwaya iachiwe masufuria.

Bafuni: adui ni rangi na kutu

Bafuni hakuna moto, kwa hiyo slabu nyembamba inatosha, hasa kwa kabati linaloning'inia ukutani. Slabu ya milimita 20 ina uzito unaokaribia kilo 50 kwa mita ya mraba, na kabati la mbao laini lisilo na viungio imara litalemewa. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe kuzunguka bomba, lakini juu ya jiwe jeupe huonekana kidogo kuliko juu ya granaiti nyeusi. Mambo ya kuchunga ni kopo la chuma linaloacha duara la kutu, rangi ya nywele, na dawa ya kutolea rangi ya kucha. Sinia dogo la kuwekea vitu hivyo linakuondolea shida yote.

Wapi jiwe likatwe

Vumbi la kwatzi lina silika nyingi, na ukilivuta kwa muda mrefu huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Australia ilipiga marufuku mawe haya ya kutengenezwa kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya mafundi wengi kuugua. Kaunta ikishafungwa haidhuru familia. Anayeumia ni fundi anayekata kwa grinda kavu ndani ya nyumba au uani, pamoja na wote walio karibu. Weka sharti katika makubaliano: kukata, kutoboa na kulainisha kingo kufanyike karakanani kwa mashine inayomwagia maji, na nyumbani iwe kazi ya kufunga tu. Fundi atalazimika kupima kwa makini zaidi, nawe utapata kazi safi.

Kabla hujamaliza kulipa

Makadirio ya bei yaonyeshe kama gharama ya matundu, kingo, vipande vya ukutani, usafiri na ufungaji imo. Siku ya kufunga, weka pima maji juu ya kabati kabla jiwe halijalazwa, kwa sababu kabati lisilo sawa hupasua slabu baadaye. Kona za ndani za tundu la sinki na jiko ziwe za mviringo, maana kwenye kona kali ndipo ufa huanzia. Sehemu inayoning'inia bila nguzo isizidi kipimo kinachoruhusiwa na kiwanda kwa unene wa slabu yako. Linganisha mishipa na ile picha mliyochora mistari. Kisha pitisha kucha juu ya kiungo: ikikwama, kazi bado haijaisha, na malipo ya mwisho yasubiri.