Somo la mwezi: Chuma kikuukuu kinaweza kuwa jembe zuri, kama tunajua kukichagua



Jembe jipya ku soko iko na bei, na mara nyingine linapinda ku jiwe la kwanza. Na huku karibu na kila garaji kuna rundo la vyuma vya gari. Katika rundo hilo munaweza kupata jembe la miaka mingi, ekseli ya mukokoteni, na rulema ya mashini ya kusaga muhogo. Munaweza pia kupata sumu na moto. Somo hili ni la kamati ya ununuzi, la fundi, na la kila mutu anayeshika jembe. Neno lake kuu ni moja: musinunue chuma kwa kuangalia ukubwa wake. Muulize kwanza kilifanya kazi gani ndani ya gari.

1. Chuma gani kwa kazi gani?

Resori za bapa, zile zinazopangwa moja juu ya ingine chini ya Land Cruiser, Hilux na malori, ni chuma kigumu. Zilitengenezwa ili zibebe muzigo, zipinde kidogo na kurudi. Hiyo njo chuma ya jembe, panga na mundu.

Shasi, milango na fito za kujengea ni chuma laini. Zinafaa kwa kiunzi cha mukokoteni au mulango wa depo. Makali yake hayakai.

Tamburi za freni ni chuma cha kusubu, chuma kilichomiminwa. Ukikipiga nyundo kinapasuka kama chungu. Usikipeleke kwa muhunzi atoe jembe, lakini tamburi nzima inaweza kuwa tanuri yake ya makaa.

2. Tunapima namna gani mbele ya kulipa?

Muombe fundi akate kipande kidogo, akitie moto mpaka kiwe chekundu, kisha akizamishe ndani ya maji. Baadaye apitishe tupa. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu, kinafaa kwa makali. Tupa ikikwaruza na kula, ni chuma laini, hata kama muuzaji anaapa.

Resori ya zamani inaweza kuwa na ufa usioonekana. Safisha vizuri, pakaa petroli ya taa, ngoja kidogo, pangusa ikauke, kisha sugua chaki nyeupe. Kama kuna ufa, petroli itatoka ndani yake na kuchora musitari mweusi juu ya chaki. Angalia zaidi kando ya tundu la bulo la katikati, maana pale njo inapoanza kukatika. Jembe lenye ufa litavunjika siku ya kulima, na kipande kinaweza kumupiga jirani.

3. Ku muhunzi

Resori isikatwe baridi kwa nyundo na patasi, vipande vinaruka na kuharibu macho. Ikatwe ikiwa nyekundu. Kama jembe linahitaji kuunganishwa na pete ya mupini kwa moto wa umeme, kazi hiyo ifanyike kwanza. Makali yakazwe mwishoni, kwa sababu moto wa kuunga unalegeza makali yaliyokwisha kukazwa.

Kukaza ni hivi: makali yapate moto mpaka mekundu, yazamishwe ndani ya mafuta ya moteri, inje ya nyumba, na muchanga karibu kwa kuzima moto. Hapo jembe ni gumu lakini linavunjika upesi. Basi fundi alisugue ling’ae, alipashe tena polepole mpaka rangi ya buluu itokee, aliache lipoe. Jembe lililorukishwa hatua hii ya mwisho, musilipokee.

4. Rulema na ekseli

Rulema ikiwa imeoshwa na petroli ya taa, izungushe kwa mukono. Ikikwaruza, ikikwama au ikitikisika, iache. Kisha soma namba iliyochorwa pembeni. Kwa rulema kama 6204, 6205 na 6206, chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha mara 5: 04 ni tundu la milimita 20, 05 ni 25, 06 ni 30. Mutu anayeenda mujini aandike namba ya ile ya zamani mbele ya kuondoka. Hivyo koperative hailipi safari mara mbili.

Kwa mukokoteni, nunueni ekseli pamoja na magurudumu yake mawili. Muhesabu matundu ya bulo ku kila rimu: yenye 5 haiingii penye 6. Vumbi la freni lipanguswe na kitambaa chenye maji, lisipulizwe, maana ya zamani inaweza kuwa na sumu ya mapafu.

5. Vitu vya kukataa

Batri: ndani kuna asidi na risasi. Isivunjwe ku nyumba, isiyeyushwe. Risasi inaharibu akili ya watoto, hata kidogo.

Tangi ya esansi: hata ikiwa tupu, mvuke wake unalipuka fundi akileta moto.

Amortisa: ikitiwa moto bila kufunguliwa inaweza kupasuka.

Sufuria zilizosubiwa na alumini ya mabaki ya gari: zinaweza kuingiza risasi ndani ya chakula.

Kitu chochote kinachofanana na bomu au risasi za bunduki: musiguse, musisogeze, wala musikipime kwa kilo. Muweke alama kwa mbali, mufukuze watoto, muarifu wakubwa wa eneo.

6. Karatasi na jina zuri

Nyaya za umeme, bulo za daraja na vyuma vya reli havinunuliwi, hata vikiwa rahisi. Daraja likianguka, mavuno yetu njo yatabaki ku shamba. Kwa kila ununuzi muandike tarehe, jina la muuzaji, kitu, kilo na bei, na watu wawili watie sahihi.

Kwa mukutano wenu

Tunawaomba mujadili mambo matatu: (1) Majembe yaliyovunjika msimu uliopita yalivunjikia wapi, ku makali au ku pete? (2) Nani kati yetu atafundishwa kupima kwa tupa na chaki? (3) Batri za zamani zilizo kwa wanamemba ziko wapi leo, na watoto wanazifikia?

Muanze na resori moja na majembe mawili. Muwape wamama wanaopalilia walime nayo juma zima, nao njo waseme kama tuendelee.