Gari Lililopauka: Tusikimbilie Rangi Mpya

Kikundi chetu kina pikapu nyekundu ya kubebea maziwa. Ilikuwa imepauka hata ukipitisha kiganja juu ya boneti kinatoka na unga mwekundu. Wengine wetu walisema, "Hii gari imeisha, tutoe akiba tupake rangi mpya." Kabla ya kugusa akiba tulimwita fundi wa rangi. Akatuonyesha kwamba kilichochakaa ni ngozi ya juu tu. Haya ndiyo tuliyojifunza, pamoja na kosa letu.

Kwa nini rangi hupauka?

Jua kali, hewa na unyevu huharibu gundi inayoshika chembe za rangi. Chembe zikikosa gundi hubaki juu kama unga. Ndiyo maana boneti na paa, vinavyotazama jua, hupauka kabla ya milango. Chini ya unga huo mara nyingi kuna rangi nzima.

Pima kwanza

Paka dawa ya kusugulia, ile mafundi huiita kompaundi, kidogo tu kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Sugua mahali padogo. Kitambaa kikishika rangi ya gari, rangi hiyo haina vanishi juu yake, na yafaa kusuguliwa. Kisiposhika, kuna vanishi. Sugua polepole zaidi. Lakini vanishi ikiwa inabanduka kama ganda la kitunguu, au kutu imetoboa bati, polishi haisaidii. Hiyo ni kazi ya fundi.

Hatua za kazi

1. Egesha kivulini, bati lipoe. Osha kwa maji mengi. Vumbi likibaki hukwaruza kama msasa.

2. Tumia fulana kuukuu ya pamba, isiyo na vifungo. Sugua sehemu ndogo, kama sentimita 30 kwa 30, kisha nenda nyingine. Anza na kompaundi laini. Geuza kitambaa kila kinapojaa rangi.

3. Usikaze mkono kwenye kingo na mikunjo, kwani hapo rangi ni nyembamba. Hapa ndipo tulipokosea: kijana wetu alisugua ukingo wa boneti mpaka rangi ya kijivu ya chini ikatokea. Ikishatoka, hairudi!

4. Futa, piga polishi, halafu paka nta. Kompaundi huondoa, nta hulinda. Bila nta, unga utarudi upesi.

Rangi za magari ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Kwa hiyo msisugue kwa msasa mkavu, watoto wakae mbali, na kila mmoja anawe mikono kabla ya kula.

Kutunza

Mwagia maji juu ya boneti. Yakikusanyika kuwa matone ya mviringo, nta ingalipo. Yakitandaa bapa, paka tena. Na msioshee sabuni ya unga ya nguo, maana huondoa nta.

Pikapu yetu sasa inang'aa, ila ule ukingo tumeuacha na alama yake, utukumbushe. Akiba nayo iko salama. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mali gani ya kikundi chetu tunayotaka kubadilisha kabla hatujaipima?

2. Nani atakuwa na zamu ya kupaka nta, na pesa ya nta itatoka wapi?