Zege Lenye Nguvu: Tupime na Maji Pia



Siku moja tulialikwa na kikundi cha akina mama tukaangalie tangi lao la maji ya mvua. Walikuwa wamechanga kwa miaka miwili, kila wiki kidogo kidogo, mpaka likajengwa. Kuta zilikuwa sawa. Lakini kifuniko cha zege, au konkriti kama wengi wetu tunavyoita, kilikuwa na ufa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukikwaruza kwa msumari, unga unatoka. Na juu yake watoto watatu walikuwa wamekaa wakila miwa. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuwaomba washuke.

Akina mama walikuwa na hasira. Walisema fundi aliiba simiti, na walikuwa wameamua wasimlipe pesa zake zilizobaki. Tukaomba kuona mifuko mitupu. Ilikuwa 5, sawasawa na hesabu ya mwanzo. Simiti haikuibwa. Tukauliza tena, "Na maji je, mlipima?" Mama mmoja akacheka. "Maji nayo yanapimwa? Tulikuwa tunamimina mpaka inateleza vizuri kwa sepetu."

Basi hapo ndipo mwizi alipopatikana. Somo letu la leo ni juu ya kupanga mchanganyiko wa zege lenye nguvu, ili pesa za kikundi zisipotee na mtu asisingiziwe.

NGUVU YA ZEGE INATOKA WAPI?

Zege ni vitu vinne: simiti, mchanga, kokoto na maji. Wengi wetu tunafikiri nguvu iko kwa simiti peke yake. Mwaka 1918 mtaalamu mmoja wa Chicago, Marekani, jina lake Duff Abrams, alitangaza matokeo ya majaribio mengi aliyoyafanya. Alionyesha kwamba kitu kinachoamua nguvu ni kiasi cha maji kikilinganishwa na kiasi cha simiti. Mpaka leo mainjinia wanaanzia hapo.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Simiti haikauki kama tope. Inashikana na maji na kugeuka kuwa kitu kipya, kigumu kama jiwe. Kwa kazi hiyo kilo 50 za simiti zinahitaji kama lita 12 tu za maji. Maji mengine tunayoongeza ni ya kutusaidia kukoroga na kumwaga. Yakishamaliza kazi hiyo yanatoka polepole, na mahali yalipokuwa panabaki vitundu vidogo sana ambavyo macho hayaoni. Vitundu vikiwa vingi, zege linakuwa kama mkate: linavunjika upesi, na maji yanapenya mpaka kwenye vyuma na kuvitia kutu.

Tuweke hesabu. Mfuko mmoja wa kilo 50 ukiwekewa lita 25 za maji, tunasema uwiano ni nusu, yaani 0.5. Ukiwekewa lita 35, uwiano ni 0.7. Hizo lita 10 za ziada zinaondoa karibu thuluthi moja ya nguvu. Ni kama kununua mifuko mitatu na kuutupa mmoja mtoni!

DARAJA LA ZEGE

Mainjinia hupima nguvu kwa kuvunja vipande vya mraba vya sentimita 15 kila upande, vikiwa na umri wa siku 28. Wakisema zege ni daraja la 30, maana yake kila milimita ya mraba inabeba newtoni 30 kabla ya kuvunjika. Kwa lugha yetu, eneo dogo la sentimita 1 kwa 1, kama ukucha wa kidole, linabeba kama kilo 300. Kipande kizima hubeba karibu tani 68.

Huko Dubai, ambako baadhi ya vijana wetu wamekwenda kutafuta kazi, kuna jengo la Burj Khalifa lililofunguliwa mwaka 2010. Sehemu zake za chini zimejengwa kwa zege la daraja la 80. Siri yao ni ile ile: maji machache sana. Wanatumia dawa maalum zinazofanya zege laini liteleze bila kuongeza maji. Sisi hatuhitaji kufika huko. Kwa kifuniko cha tangi, kifuniko cha choo au daraja dogo la miguu, zege la daraja la 25 hadi 30 lililofanywa kwa uangalifu linatosha. Lakini unene wake na vyuma vya ndani aamue mtu aliyesomea kazi hiyo. Zege zuri haliwezi kuokoa kazi isiyo na vyuma.

TUPANGE MCHANGANYIKO, HATUA KWA HATUA

1. Chagueni simiti. Kwenye mfuko kuna namba: 32.5 au 42.5. Hiyo ni nguvu ya simiti baada ya siku 28. Kwa kazi ya kubeba uzito chagueni 42.5. Simiti ya 32.5 ni nzuri kwa kujengea mawe na kupiga plasta. Hakikisheni mfuko hauna mabonge magumu. Simiti iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, wala isikae zaidi ya miezi mitatu.

2. Chagueni mchanga. Mchanga wa mto ulio safi ndio mzuri. Tieni mchanga kwenye chupa ya kioo hadi nusu, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni sana, halafu iacheni imetulia kwa saa tatu. Udongo laini utakaa juu ya mchanga. Mchanga ukiwa sentimita 12 na udongo ukizidi sentimita 1, mchanga huo uoshwe au uachwe. Wenzetu wa Pwani, msitumie mchanga wa ufuoni. Chumvi yake inakula vyuma.

3. Chagueni kokoto. Ziwe za jiwe gumu lililopondwa, zisizozidi milimita 20, yaani kama robo tatu ya inchi. Zikiwa na vumbi, zioshwe, kwa sababu simiti haishiki vumbi.

4. Tengenezeni boksi la kupimia. Msipime kwa sepetu, maana sepetu ya kijana wa asubuhi si sawa na sepetu ya mzee wa saa nane. Fundi atengeneze boksi la mbao lisilo na kitako, urefu sentimita 40, upana 35, kina 25. Linachukua lita 35, ambazo ni sawa na mfuko mmoja wa simiti.

5. Fuateni kipimo hiki kwa kila mfuko:

Simiti: mfuko 1
Mchanga: boksi 1 na nusu
Kokoto: maboksi 2 na nusu
Maji: lita 25, bila kuzidi

Mchanganyiko huu unatoa kama lita 120 za zege. Tukirudi kwenye kifuniko cha wale akina mama: kilikuwa na upana wa mita 2.5 na unene wa sentimita 10. Nusu ya upana ni mita 1.25. Zidisheni 3.14 kwa 1.25 kwa 1.25 kwa 0.1, mtapata mita 0.49 za ujazo, yaani lita 490. Gawanyeni kwa 120. Ni mifuko 4 na kidogo, basi mnanunua 5.

6. Kumbukeni maji yaliyo ndani ya mchanga. Hapa wengi huanguka. Mchanga mbichi una maji yake tayari. Ukiushika na mkono ukabaki na unyevu, boksi 1 na nusu linaweza kuwa limebeba lita 3 au 4. Basi anzeni na lita 21, si 25. Tena mchanga wenye unyevu huvimba, kwa hiyo boksi likijaa mchanga wenyewe unakuwa pungufu. Ongezeni kama sehemu moja ya tano juu ya kipimo.

7. Fanyeni jaribio dogo kwanza. Kabla ya siku ya kazi, chukueni sehemu moja ya tano ya kila kitu: simiti kilo 10, mchanga lita 10 na nusu, kokoto lita 17 na nusu, maji lita 5. Korogeni vizuri. Fanyeni donge kwa mikono (vaeni glavu au mifuko ya plastiki, kwa sababu simiti inachoma ngozi). Donge likikaa bila kumomonyoka na bila kuchuruzika maji, mko sawa.

Na kama ni gumu mno? Hapa ndipo sheria kubwa ya leo: MSIONGEZE MAJI PEKE YAKE. Kila lita 1 ya maji iandamane na kilo 2 za simiti. Hivyo uwiano unabaki nusu na nguvu haipotei. Njia nyingine ni kupunguza mchanga na kokoto kidogo.

SIKU YA KAZI

Korogeni vikavu kwanza, mpaka rangi iwe moja, ndipo mtie maji. Korogeni juu ya bati au sakafu ngumu, si juu ya udongo. Mpeni mtu mmoja kazi ya maji. Awe na mtungi wenye alama, na asikubali kushawishiwa na yeyote, hata kama ni mwenyekiti. Maji yakimwagika hayazoleki.

Zege litumike ndani ya saa moja. Likianza kushika, lisiamshwe kwa maji. Likishamwagwa, shindilieni kwa fimbo ya chuma mpaka mapovu ya hewa yaishe, hasa kwenye pembe na chini ya vyuma. Hewa ikibaki hata sehemu 5 kwa 100, nguvu inaweza kupungua kwa sehemu 30 kwa 100.

KAZI HAIJAISHA: KUNYWESHA ZEGE

Tulisema maji mengi ndani ya mchanganyiko ni adui. Lakini zege likishakuwa gumu, maji ya juu yake ni rafiki. Likikauka mapema, simiti inaacha kukua. Kesho yake lifunikeni kwa magunia, nyasi au majani ya migomba, na mlimwagilie asubuhi, mchana na jioni. Fanyeni hivyo siku 7 bila kukosa. Siku 14 ni bora zaidi. Baada ya siku 7 zege huwa limepata kama theluthi mbili za nguvu zake, kwa hiyo mbao za chini zisiondolewe kwa haraka, na watoto wasipande. Pangeni zamu na mwandike majina.

WALE AKINA MAMA JE?

Tulikaa nao chini ya mwembe, pamoja na fundi. Haikuwa rahisi. Fundi alikubali kwamba aliona maji yakizidi akanyamaza, kwa sababu kazi ilikuwa inaenda haraka. Akina mama walikubali kwamba wao ndio waliomimina, maana zege gumu lilikuwa linawachosha mikono. Mwishowe kikundi kilimlipa fundi pesa zake, naye akatoa siku zake mbili bila malipo. Kifuniko kilivunjwa, kikamwagwa upya kwa boksi na mtungi wenye alama. Hasara ilikuwa mifuko 5 na mchango wa miezi kadhaa. Lakini hakuna mtoto aliyeanguka ndani ya maji, na hiyo hasara nyingine haina bei.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika ujenzi wetu uliopita, ni nani alikuwa anapima maji? Alitumia chombo gani?
2. Je, kuna kifuniko cha tangi au cha choo kijijini kwetu ambacho msumari unakikwaruza kwa urahisi? Tutafanya nini wiki hii kabla mtu hajaumia?
3. Mchanga wetu ni lita 105 kwa mifuko miwili. Je, hayo ni maboksi mangapi, na maji yasizidi lita ngapi?
4. Fundi wetu akikosea, tunakaa naye vipi ili ukweli ujulikane bila kumvunjia mtu heshima?

Kabla ya mkutano ujao, kila kikundi kijaribu ile chupa ya mchanga na kuleta chupa yake. Tutaziweka mezani pamoja tuone mchanga wa nani umeshinda.