Samaki wa Kuoka kwa Wawili

Mara ya mwisho mliketi mezani wawili lini? Jaribuni samaki wa kuoka, maana akiisha kuingia motoni mpishi yuko huru.

Chukueni ngege wa nusu kilo. Mume amtoe magamba (si kazi ya mama peke yake), mke amchanje ubavuni, mpakeni chumvi, kitunguu saumu na ndimu. Mfunikeni, mwokeni kwa nyuzi 200, dakika 25 hivi. Asiye na oveni atie makaa chini ya sufuria na juu ya kifuniko.

Divai iwe nyeupe, kavu, baridi; nyekundu humtia samaki ladha ya chuma. Lakini kama pombe imewahi kuleta machozi nyumbani mwenu, chupa isiingie kabisa. Maji ya ndimu yanafaa vilevile.

Wakati mnangoja, zimeni redio, mwulizane habari. Karo ya watoto isitajwe kabla samaki hajabaki mifupa.