VITUNGUU MAJANI: TUJIFUNZE KWA WAKOREA



Ukinunua vitunguu majani, majani yake unayafanya nini? Wengine huyatupa. Wanatupa chakula. Leo tutazame jinsi watu wa Korea ya Kusini wanavyovitumia vitunguu hivi. Wao huviita "pa".

1. Kununua
Mkorea hununua kwa kufuata atakachopika. "Daepa" ni kirefu na kinene. Hicho ni cha supu. "Jjokpa" ni chembamba. Hicho huchanganywa na pilipili na chumvi, kikaachwa kichachuke. Chakula hicho huitwa kimchi. Chagua vitunguu vyenye majani ya kijani yaliyosimama. Majani ya njano, yaliyolegea au yenye utelezi kwa nje, yaache.

2. Kupika
Mkorea hatupi kitu. Mizizi huisugua mpaka udongo uishe, akaichemsha ili supu ipate ladha. Sehemu nyeupe huitia mapema. Majani huyatia mwishoni, karibu na kuepua. Kwa nini? Moto mwingi hupunguza vitamini C. Tena majani ya kijani yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Sehemu nyeupe ina kidogo sana.

Wakorea pia hupika "pajeon". Hii ni kama chapati ya maji iliyojazwa vitunguu majani.

3. Kuosha
Hapa sikiliza vizuri. Wakorea wakila nyama ya kuchoma, huila pamoja na vitunguu majani visivyopikwa. Ni vitamu, lakini uchafu na vijidudu hujificha katikati ya majani. Mwaka 2003, huko Pennsylvania, Marekani, watu zaidi ya 500 waliugua homa ya ini aina A kwa sababu ya vitunguu majani visivyopikwa. Watu 3 walikufa. Ugonjwa huu huenezwa na kinyesi kinachoingia katika maji, mikono au chakula.

Kwa hiyo:
– Nawa mikono kwa sabuni.
– Tenganisha majani, osha moja moja kwa maji safi yanayotiririka.
– Usikatie mahali ulipokatia nyama mbichi.
– Kama huyaamini maji yako, vipike. Kuosha hupunguza vijidudu. Kupika vizuri huviua.

4. Kupanda tena
Mwanzoni mwa mwaka 2021 bei ya daepa ilipanda sana Korea. Watu wengi wakapanda nyumbani. Walikata majani, wakaacha kipande cheupe chenye mizizi, wakakipanda katika chungu cha udongo. Baada ya siku chache majani yakachipua. Nawe unaweza kufanya hivyo leo.

Maswali
1. Kwa nini majani hutiwa mwishoni?
2. Ni lini ni lazima kupika vitunguu majani?
3. Nyumbani kwako, nani huviosha, na kwa maji gani?